Kidevu cha Mzee Phares

Katika mtaa mzima wa Kaloleni, Nairobi, Mzee Phares aliogopa watatu tu: mkewe Perez, daktari wa meno, na serikali. Alimwogopa Perez kwa kumtii, daktari wa meno kwa kumkimbia, na serikali kwa namna yake ya pekee, yaani kuitukana kila siku bila kuitaja jina. Aliamini simu zinasikiliza, nguzo za taa zinasikiliza, na paka wa dukani hakumwamini sana. Kwa hiyo badala ya kusema "serikali" alisema "wao." Na kila aliposema "wao," aliinua kidevu na kukisukuma mbele, ng'ambo ya barabara, upande wa mjini kwenye maofisa na ofisi zao. Wenzake walizoea. Kidevu kikiinuka, walijua anayetukanwa ni nani.

Wenzake hao walikutana naye kila alasiri nje ya ukumbi wa jamii, wakakaa juu ya taruma kuukuu la reli, gogo zito la kulazia vyuma, ambalo Phares alikuja nalo alipostaafu kazi ya kukata tiketi stesheni. Alilipataje, hakuna aliyewahi kuuliza. Mahali hapo walipaita Bunge, na Phares alikuwa Spika kwa kuwa taruma lilikuwa lake. Willis, aliyewahi kuwa karani wa jiji, aliitetea serikali kwa mazoea tu, kwa maana pensheni yake ilichelewa kama ya wengine. Dirie, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, alizaliwa Pumwani na kukulia papa hapa, na kazi yake Bungeni ilikuwa kuwapinga wote wawili na kuwaletea chai. Pembeni yao Eve aliuza sukuma wiki na nyanya. Huyu alikuwa amehamia juzijuzi kutoka mtaa wa Lucky Summer, na desturi za Bunge alikuwa bado hajazijua.

Kisha likaja lile shambulio. Watu wenye bunduki waliingia katika jengo moja la ofisi mjini, na watu waliotoka kwao asubuhi wakiwa wamebeba chakula cha mchana hawakurudi. Kwa siku kadhaa Bunge lilikaa kimya kabisa. Hata Phares alikaa tu akisugua magoti. Lakini hofu ya mtu wa mitaa hii ya Eastlands haikai sana bila kugeuka mjadala, na siku mjadala ulipofunguliwa, Spika alikuwa na jambo ambalo hakuna mwingine alikuwa nalo.

"Mimi nilikuwa mtaa wa pili," alisema. "Nimeona kwa macho yangu haya."

Uongo mtupu! Saa ile ya shambulio Mzee Phares alikuwa Jogoo Road, kwenye kiti cha daktari wa meno, gego la nyuma likiondoka, mkono wake umo mkononi mwa Dirie, na kinywa chake kikimwita mama yake aliyefariki zamani. Dirie ndiye aliyefunga duka saa nane mchana ili amsindikize, baada ya kuombwa kwa machozi, na ndiye aliyeapishwa asimwambie mtu. Hata Perez aliambiwa gego lilitoka lenyewe. Dirie alipousikia huo ushahidi wa macho alipaliwa na chai, akajifuta kanzu, akaendelea kuwamiminia wenzake. Kiapo ni kiapo.

Kuanzia siku hiyo Phares akawa mtu mkubwa. Watu wa mtaa jirani wa Makongeni walivuka kuja kumsikiliza.

"Jiulizeni," alisema, "kwa nini taa za barabarani pale zilikuwa zinafanya kazi siku hiyo? Lini mmewahi kuona taa zile zikifanya kazi?"

"Sasa taa zikizimika ni makosa, zikiwaka ni njama?" aliuliza Willis. "Mheshimiwa Spika, serikali hii imeshindwa kuzibua mtaro wa Kaloleni tangu watoto wetu wazaliwe. Njama itaiwezea wapi?"

"Willis," alisema Dirie, "wewe ukiitetea serikali unaitukana kuliko Phares."

Wakacheka, lakini mjadala ulikuwa na miiba. Polisi walikuwa wameanza kupita mtaani alfajiri, wakigonga milango na kutaka vitambulisho, na milango waliyogonga ilikuwa ya watu wenye majina ya Kisomali kama la Dirie. Willis alisema hilo halina budi, watu wamekufa, na kama huna la kuficha fungua mlango.

"Ninalo moja tu la kuficha," alisema Dirie. "Huu uso. Na hauingii mfukoni."

Willis aliinua kikombe chake. Aliomba aongezewe chai.

Siku moja Dirie alikuwa amekwenda kuswali alasiri, na Phares alikuwa amepamba moto. Hadhira ilikuwa kubwa, na kila aliposimulia alitia chumvi kidogo zaidi.

"Wao walijua!" alisema, kidevu kikainuka kuelekea ng'ambo. "Nawaambia, wao walijua tangu asubuhi. Siku hiyo wao walifunga mapema. Mbona wafunge mapema kama hawakujua?"

Alikuwa akizungumzia kamera za barabarani, ambazo alidai serikali ilizifunga zisirekodi. Alikuwa ameshazitaja mwanzoni, wakati Eve akimpimia mteja nyanya. Eve aliposikiliza, alichosikia ni kwamba wao walijua na walifunga mapema, na alipofuata kidevu cha shahidi kwa macho, kidevu kilivuka barabara na kutua moja kwa moja juu ya duka la Dirie. Nyanya ikamponyoka mkononi.

Eve hakuwa mbaya, alikuwa na hofu na mdomo, na vitu hivi viwili vikikutana hakuna siri inayolala. Alimwambia mteja, mteja akamwambia Syombua msusi, na kwa Syombua habari zilitengenezwa pamoja na nywele. Zilipomfikia chifu zilikuwa zimeshapendeza: Mzee Phares, aliyekuwako na kuona kwa macho yake, anasema wenye duka walijua, na ndiyo sababu walifunga mapema.

Tena duka kweli lilifungwa mapema. Hilo kila mtu alilikumbuka.

Alfajiri moja polisi walikwenda kwa Dirie, wakavunja bawaba ya mlango, wakapindua magunia ya sukari, wakachukua kitambulisho chake. Chifu alikuwa ameitisha baraza la usalama ukumbini Jumamosi. Aliomba Dirie asikilizwe hapo kwanza, kwa kuwa ripoti imetoka kwa wananchi. Asipoeleza alikuwa wapi, angepanda gari la polisi. Na siku hizo, aliyepanda gari, familia yake ilizunguka vituo vyote vya Nairobi ikiuliza jina lake bila kujibiwa.

Phares alizisikia habari akapandwa na hasira. Alirudi nyumbani, akawa anazunguka sebuleni kama kuku aliyefungwa mguu.

"Ni nani huyo mjinga aliyemsingizia Dirie?" alifoka.

Perez alikuwa akichambua kunde. Aliweka sinia chini, akainuka, akasimama dirishani. Bila kusema neno aliinua kidevu chake, akakisukuma mbele kama mumewe anavyofanya, akabaki hivyo.

"Unafanya nini?" Phares aliuliza.

"Ninakuonyesha huyo mjinga. Baba Maurine, njoo usimame hapa. Fuata kidevu. Kinaishia wapi?"

Phares akasimama nyuma yake, akafuata. Kidevu kilitoka dirishani, kikapita ukumbi, kikapita taruma, kikavuka barabara, kikagonga mlango wa duka uliofungwa. Mji na ofisi zake ulikuwa nyuma ya hapo, mbali, wala hauonekani.

Alikaa chini kando ya sinia la kunde. Hilo lilimuuma vibaya kuliko gego. Miaka yote aliamini kutotaja jina ni werevu, na sasa werevu huo ulikuwa unampeleka rafiki yake kwenye gari la polisi.

Alivuka kwenda kwa Dirie. Khadro, mke wa Dirie, alifungua mlango kiasi cha jicho moja.

"Mama Sagal, naomba nimwone mzee."

"Amelala," alisema Khadro, na nyuma yake sauti ya Dirie ilisikika waziwazi ikiuliza ni nani. "Amelala sana," akaongeza, akafunga.

Willis, alipoulizwa ushauri, aliutoa kwa kunong'ona. "Jumamosi usije. Jifanye unaumwa. Ukisema 'wao' ni serikali mbele ya serikali yenyewe, utapanda gari wewe. Si umesikia hizo sheria mpya? Siku hizi hata kueneza hofu ni kosa."

"Wewe si ndiye ulisema asiye na la kuficha afungue mlango?"

"Nilisema mlango," alijibu Willis. "Sikusema mdomo."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Chifu Kavinya aliketi mezani, mama mwenye sauti ya kanisani, na kando yake afisa mmoja mwenye koti la ngozi na miwani ya jua, ingawa humo ndani jua halikuwamo. Hakujitambulisha. Nje gari lilikuwa limeegeshwa, mlango wa nyuma wazi. Dirie aliketi mbele kabisa katika kanzu iliyopigwa pasi, na nyuma yake Khadro alikuwa ameshika mfuko wa nguo, maana alijiandaa kwa lolote. Ule mfuko Phares alishindwa kuutazama.

"Dirie, mimi nakujua," alisema Chifu, "lakini lazima niulize. Siku ya shambulio ulifunga duka saa nane. Watu wanasema wewe hufungi saa nane hata siku ya Idi. Ulikwenda wapi?"

"Nilimsindikiza mtu, Chifu."

"Mtu gani?"

Dirie aligeuka polepole, akamtafuta Phares kwa macho, akampata nyuma ya nguzo. "Nilimwapia sitasema. Na mimi nikiapa, walahi, nimeapa. Lakini yumo humu ndani. Akitaka, mdomo anao."

Yule afisa akacheka kwa pua. "Mtu asiye na jina," alisema, akainua kidevu kuelekea kwa Dirie. "Wao siku zote wana mtu asiye na jina."

Phares akalisikia neno lake mwenyewe. Akakiona na kidevu chake, juu ya shingo nyingine. Hakuwahi kukiona kutoka upande huo, na kilikuwa kibaya kwelikweli. Kabla akili haijamshika shati, alikuwa amesimama.

"Naomba kusema!"

"Wewe ni nani?" aliuliza afisa.

"Phares. Shahidi."

"Ahaa! Wewe ndiwe uliyesema wao walijua."

"Ndiyo, nilisema."

"Haya. Wao ni akina nani?"

Waliokuwa madirishani walisogea karibu. Phares alitazama gari kupitia dirisha, akatazama nguzo ya taa kando yake, na kidevu, kwa mazoea, kikaanza kuinuka chenyewe.

"Baba Maurine!" Perez alipaza sauti kutoka nyuma. "Leo tumia mdomo!"

"Wao," alisema Phares, "ni nyinyi."

"Sisi nani?"

"Serikali! Serikali ya Kenya, kuanzia juu kabisa hadi kwako na hiyo miwani yako. Nilisema serikali ilijua. Nilisema serikali ilifunga kamera mapema. Duka la Dirie litafunga kamera gani? Lina paka tu!"

Mtu alicheka nyuma, akajiziba mdomo. Afisa alivua miwani, na bila miwani alikuwa na macho ya mtu aliyekosa usingizi wiki nzima.

"Una ushahidi, mzee?"

"Sina."

"Nimeambiwa ulikuwako. Ulikuwa mtaa wa pili."

Hapa ndipo palipokuwa pagumu zaidi. Kuitukana serikali mbele ya umati kungeweza kumfanya shujaa hadi Makongeni. Hili lililobaki lingemfanya kichekesho, na alijua Kaloleni huwa hawasahau kichekesho. Alimtazama Dirie. Dirie alikuwa ametazama sakafu, hamhimizi wala hamsaidii.

"Sikuwako," alisema Phares. "Nilidanganya. Saa ile nilikuwa Jogoo Road kwa daktari wa meno. Mtu aliyesindikizwa ni mimi. Dirie alifunga duka aje anishike mkono."

"Akushike mkono kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nalia."

"Ulikuwa unalia vipi, Mheshimiwa Spika?" Willis aliuliza kutoka upande wa pili, kwa upole wa kinafiki kabisa.

"Kwa sauti," alisema Phares. "Nilimwita mama."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Phares hakungoja viishe. Alitembea hadi mezani, akainama, akafungua kinywa chote na kuvuta shavu kwa kidole. Chifu Kavinya aligeuza uso upande. Afisa aliwasha tochi ya simu, akachungulia.

"Pengo ni jipya," alikiri. Akaomba jina la kliniki, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi midomo yake ilikuwa inapigana na tabasamu. "Wanamkumbuka huyu mzee na huyu rafiki yake. Wanasema zile kelele ziliwatorosha wagonjwa wawili waliokuwa wakingoja."

Alitoa kitambulisho cha Dirie mfukoni, akakiweka mezani. Hakusema pole kwa sukari iliyomwagwa, wala kwa mlango uliovunjwa bawaba, wala kwa mfuko wa nguo mkononi mwa Khadro. Dirie alikichukua, akakipangusa kwa kanzu, akatoka.

"Na mimi?" Phares aliuliza. "Ile habari ya kuitukana serikali?"

"Mzee," alisema afisa, akivaa miwani yake, "nikiwapakia wote wanaotutukana nitahitaji treni."

Phares alifurahi kupona, lakini moyoni, kidogo sana, aliona amedharauliwa.

Alimkimbilia Dirie nje, akamfikia barabarani. "Ndugu yangu, nisamehe. Jina lako sikulitaja, Mungu ni shahidi wangu."

"Warya, wewe Phares." Dirie alisimama, na uso wake haukuwa na mzaha. "Watu niliowakopesha unga walikuwa wanavuka barabara wasipite mlangoni kwangu. Sagal aliitwa gaidi shuleni. Wewe uliogopa kuitaja serikali, ukanitaja mimi."

"Nilisema 'wao' tu."

"Basi. Hilo ndilo jina waliloniitia."

Akaenda zake. Phares alibaki pale katikati ya barabara, bodaboda zikimkwepa na kumtusi.

Siku zilizofuata Bunge lilikuwa na Spika na Willis peke yao. Watoto walipita wakilia "Mama yooo!" na kushika mashavu. Eve alivuka kwenda kwa Khadro na fungu la sukuma na kilio cha kweli. Khadro alimpokea, akamwambia apunguze mdomo na amletee dania pia. Lakini Dirie hakuvuka. Phares alimwona kutoka kwenye taruma, kaunta tupu, paka kando yake, na kila alipomtazama alijikuta amekishika kidevu chake kwa mkono asije akamwelekezea tena.

Asubuhi moja akamwita Willis na Eve, wakalisukuma taruma. Lilikuwa zito, liligoma, Willis akadai mgongo umekatika, lakini hatimaye walilisogeza mpaka anayelikalia akaelekea ukuta wa ukumbi na kuipa barabara mgongo. Phares akaketi, pua yake karibu iguse rangi iliyobambuka, akangoja. Alikaa hivyo hadi alasiri, mtu mzima akitazama ukuta, na waliopita walidhani sasa ameharibikiwa kabisa.

Baada ya swala alisikia hatua nyuma yake. Chupa ya chai ikawekwa juu ya taruma. Dirie akaketi.

"Sasa tunaangalia ukuta," alisema Dirie.

"Ndiyo."

"Una ufa."

"Nimeuona."

Wakanywa chai. Willis akaweka simu yake juu ya taruma. "Lakini Mheshimiwa Spika, kuna jambo silielewi. Mbona siku ile walituachilia upesi hivyo? Yule afisa hata hakuandika kitu."

Phares alijizuia kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu mno.

"Hapo ndipo pana jambo!" alisema, akiweka kikombe chini. "Mimi nimelifikiria sana. Unajua wao..."

Dirie aliacha kunywa. Phares akatazama nguzo ya taa. Akatazama simu ya Willis iliyolala juu ya taruma, na paka wa dukani ambaye alikuwa amevuka na kukaa pale kana kwamba ametumwa. Akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, na Dirie, baada ya kungoja kidogo ili Phares ajue kwamba amengojeshwa, akaushika.

"Serikali," alisema Phares, kwa sauti iliyomfikia Eve kwenye nyanya zake, na kidevu chake hakikusogea. Dirie hakumwachia mkono mpaka alipomaliza hoja yake yote, na ilikuwa ya kijinga kweli.